Nyasi za uwanja mzima, mama na mtoto wa miaka 10: inawezekana?

Swali: "Habari mtaalamu. Tuko Kigamboni, tumehamia kwetu mwaka jana na mbele ya nyumba kuna eneo tupu, mchanga mtupu, kama mita 12 kwa 20. Nimepata mtu anauza nyasi za kapeti, vipande vya futi moja kwa futi moja. Fundi wa bustani bei aliyonitajia siiwezi ila nyasi zenyewe naziweza. Baba yao yuko mkoani kikazi kwahiyo nimebaki mimi na kijana wangu wa miaka 10, na yeye amelishikilia jambo hili kweli kweli, kila siku ananiuliza nyasi zinakuja lini. Shule zinafunga mwezi wa sita. Nimeshauriwa nimwage samadi ya kutosha, nyasi zije zote siku moja na zipandwe siku hiyohiyo ili uwanja usiwe na mabaka, alafu nimwagilie mchana jua likiwa kali ili zipoe. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, ya bomba yanatoka kwa mgao, tenki ni la lita 2,000. Jirani mmoja kaniambia namtumikisha mtoto, hiyo imeniuma. Je sisi wawili tutaweza au nijichange nimpe fundi?"

Dada yangu, pole kwanza kwa hilo la jirani, nitalifikia. Nikisoma swali lako naona unachoogopa hasa ni kwamba mikono yenu minne haitoshi. Mimi naogopa kitu kingine kabisa, naogopa tenki lako. Mikono tutaipangia, ila maji ndo yatakayoamua hizi nyasi zishike au zigeuke majani ya kuwashia moto, kwahiyo naomba twende taratibu nikueleze kinachotokea pale kipande cha nyasi kinapokatwa, maana ukishakielewa hicho, ushauri uliopewa utajichuja wenyewe.

Kipande cha nyasi kikikatwa shambani kinaachana na sehemu kubwa ya mizizi yake. Kinabaki na udongo wa sentimita 2 au 3 chini na majani juu, na majani hayajui kwamba mizizi imebaki kwa muuzaji, yanaendelea kupoteza maji hewani kama kawaida. Kwahiyo kuanzia siku hiyo mpaka mizizi mipya iingie kwenye udongo wako, kipande kinaishi kwa yale maji kidogo yaliyomo kwenye ule udongo wake mwembamba, na kwa joto la pwani akiba hiyo haifiki siku mbili bila kuongezewa. Mizizi mipya inachukua kama siku 10 hadi 14 wakati wa joto, na mwezi wa sita kule kwetu ni kipupwe, kuna ubaridi kidogo, hesabu mpaka wiki tatu. Kipindi hicho ndo mtihani wote. Na mizizi haiwezi kuruka hewa, pale ambapo chini ya kipande kuna shimo au kokoto limekiinua, mizizi inatoka, inakutana na uwazi, inakauka. Watu wanaona baka la njano wanasema nyasi alizoniuzia mbovu, kumbe ukiinua unakuta ngumi inapita chini yake.

Sasa hesabu. Nyasi mpya kwa hali ya hewa ya mwezi wa sita inataka walau lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Eneo lako ni mita za mraba 240, hiyo ni lita 1,200 kila siku, kwa wiki mbili tatu mfululizo, na wewe una tenki la lita 2,000, maji ya mgao, na watu ndani wanaoga, wanapika na kufua. Mwezi wa sita masika itakuwa imeshaisha, mvua za kukuokoa hakuna. Aliyekuambia zije zote siku moja alifikiria macho ya wageni, hakufikiria mgao. Mabaka ya kweli yanatokana na kiu, sio kupanda kwa awamu, kwasababu nyasi za aina moja zilizopishana mwezi mmoja ukizikata usawa mmoja baada ya miezi michache hata wewe utasahau wapi ulianzia.

Na kuna hesabu ya muda. Mita ya mraba moja inakula vipande 11 vya futi moja. Kwa 240 ni vipande 2,640. Kukiweka kimoja vizuri, ukakisogeza kibanane na mwenzake, ukakikandamiza, hata ukiwa mwepesi ni nusu dakika. Zidisha hapo, ni saa 22 za kuinama. Huku nyasi zilizobaki kwenye rundo zinachemka, na nasema zinachemka kweli: majani yaliyobanana yanaendelea kupumua na kutoa joto, ukiingiza mkono katikati ya rundo lililokaa tangu asubuhi unausikia uvuguvugu na kaharufu ka kuvunda. Nyasi iliyokatwa inatakiwa iwe chini ndani ya saa 24, na kwa joto letu mimi huwa nahesabu masaa.

Kwahiyo jibu la moja kwa moja: ndio mnaweza, lakini sio mita 240 na sio kwa siku moja. Pandeni mita 60 mwezi wa sita, sehemu ya mbele ya baraza ambayo ndo mtakaa na ndo vumbi linaingilia ndani, na hizo 60 zije kwa mizigo miwili ya mita 30, wiki tofauti. Mita 30 ni vipande 330, kwa nusu dakika kila kimoja ni kama saa mbili na dakika arobaini na tano, yaani mkianza saa 12 na nusu asubuhi, hata mkipumzika katikati, saa 4 mko kwenye kivuli mnakunywa uji. Maji yake ni lita 150 kwa siku, ndoo 8 za lita 20, hata bomba lisipotoka siku mbili hufi. Gharama ya usafiri itaongezeka, hilo sikufichi, ila mita 30 zina uzito wa kama robo tatu ya tani, kwa kirikuu hiyo tayari ni kushiba, hata ungenunua zote ungelipia safari nyingi au gari kubwa. Muuzaji akate jioni au alfajiri, mzigo ukufikie kabla jua halijapanda, na ukifika usifunike na turubai juani, weka kivulini na unyunyizie maji kidogo.

Zile mita 180 zilizobaki usinunulie kapeti kabisa. Subiri vuli. Kipande kimoja cha kapeti ukikichambua unapata vipandikizi vingi, kila kimoja kina pingili mbili tatu na kamzizi, unavichomeka kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kwa njia hiyo mita moja ya nyasi inafunika mita 8 hadi 10 za ardhi. Yaani mita 20 zinatosha eneo lote lililobaki. Vinachukua miezi miwili hadi mitatu ya mvua kufunga, uwanja utakuwa na upara kwa muda na utapalilia sana, hiyo ndo bei yake, lakini mfuko unapona. Likizo ya Desemba kijana yuko nyumbani tena na kazi hii ya kuchomeka inafaa mkono mdogo kuliko wako. Vuli huwa inagoma miaka mingine, ikigoma subiri masika ya Machi, usilazimishe.

Kabla hujalipa hela ya nyasi muulize muuzaji ni nyasi gani, na asikujibu "kapeti" tu maana hilo ni umbo la kuuzia. Kwa Kigamboni na maji ya chumvi, kwenye jua la wazi, chagua paspalamu ya pwani, inavumilia chumvi kuliko karibu nyasi zote za bustani. Kama una mwembe au ukuta unaotia kivuli nusu siku, chini yake weka nyasi za Pemba, zile za majani mapana, paspalamu kivulini inadhoofika. Ukoka wa kawaida ni mgumu hauuawi na kitu, ila unatambaa mpaka kwenye mchicha wako na wa jirani, na wewe jirani tayari mna maneno. Akikuletea zile nyasi zinazopendeza Arusha na Nairobi, kikuyu, kataa, hizo ni za nyanda za juu. Alafu hata paspalamu ikiwa changa haijawa sugu kiasi hicho, kwahiyo wiki tatu za mwanzo jitahidi maji ya bomba ndo yaende kwenye nyasi, ya kisima yafanye kazi nyingine. Baadae ibadilishie polepole.

Ardhi sasa, na hapa ndo kuna kazi kubwa kuliko kupanda. Umehamia mwaka jana, maana yake chini ya huo mchanga kuna mabaki ya ujenzi: misumari, vipande vya vigae, chupa, na mabonge ya zege pale walipokuwa wanachanganyia. Pale pa kuchanganyia zege pachimbe utoe udongo wote ulioingia simenti, nyasi itakuwa njano hapo hata uipe nini, simenti inafanya udongo ukatae kuachia chuma na virutubisho vingine. Rundo la tofali na mbao ulihamishe wewe au kibarua, kijana akiwa mbali, chini yake ndo wanalala nge na tandu na wakati mwingine nyoka. Na kitu kimoja nakusihi, tafuta mfuniko wa chemba na wa shimo la choo, uwekee vijiti vinne na kamba pande zote, hakuna kukanyaga wala kupitisha toroli juu yake, na usiufunike na nyasi. Kijana aoneshwe kwa kidole siku ya kwanza kabla hajashika chochote.

Ndago utaiona, ile inayofanana na nyasi ila shina lake ukilizungusha kwa vidole lina pembe tatu. Ukiikata na jembe juu unakuwa umeikaribisha, ina vijikunde chini ya ardhi, kila kimoja kikibaki kinatoa mche mpya, na ikishatokea katikati ya nyasi changa hutaing'oa bila kuinua kapeti. Mwezi huu wa tano bado kuna manyunyu, tumia hayo. Lainisha ardhi, acha ndago ichipue, ichimbue na vijikunde vyake vyote uweke kwenye kiroba utupe mbali, sio kwenye mboji, subiri siku kumi ichipue tena, rudia. Haitaisha yote, nisikudanganye, ila itapungua mpaka utaweza kuishi nayo. Kuna wanaopiga dawa ya glaifoseti, inafanya kazi kwa ndago ikipigwa ikiwa na majani ya kutosha, lakini ukichagua njia hiyo ni wewe au mtu mzima mwingine, na mtoto asikanyage eneo mpaka dawa imekauka kabisa na muda ulioandikwa kwenye lebo umepita. Kwa mita 60 mimi ningechimbua tu.

Samadi: usimwage samadi mbichi. Inatoa joto na amonia inayounguza hiyo mizizi tunayoibembeleza, inakuja na mbegu za magugu yote aliyokula ng'ombe, na kwa mtoto anayepiga magoti humo na kuchubuka, ina vijidudu vya pepopunda. Tafuta samadi iliyooza miezi mingi, ile inayonukia udongo na kubomoka mkononi, au mboji. Kwa mchanga wa Kigamboni weka tabaka la sentimita 3, kwa mita 60 ni kama ndoo 90 za lita 20, alafu ichanganye na mchanga kwa jembe mpaka sentimita 10 hadi 15. Nasisitiza kuchanganya kwasababu wengi wanamwaga udongo mweusi juu ya mchanga kama blanketi na kupanda juu yake, mizizi inakaa kwenye blanketi haishuki, siku ukichelewa kumwagilia yote inalala.

Alafu usawazishe na reki, ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba kwenda nje, sentimita 1 au 2 kwa kila mita inatosha, na pale inapogusana na baraza iwe chini ya usawa wa baraza kwa unene wa kapeti pamoja na kidogo cha ziada, la sivyo mvua kubwa itaingia sebuleni. Ikanyage yote kwa visigino, pale panapozama ongeza, reki tena. Ndoo 90, kuchimba, kusawazisha: hii ndo sehemu ambayo mimi ningelipa. Tafuta kibarua mzuri wa siku mbili, na kama una hofu na mteremko mlipe yule fundi kwa kusawazisha tu, wengi wanakubali ukiwaambia mapema. Kwahiyo swali lako la sisi au fundi, mimi nalijibu katikati: mgongo wa kukodi kwa udongo, nyasi mpande wenyewe.

Haya, kijana. Jirani yako kachanganya mambo mawili. Kumtumikisha mtoto ni kumpa kazi inayomuumiza, inayomtoa shule, au ambayo hana ruhusa ya kuiacha. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ile inayozuia kumwajiri aliye chini ya miaka 14, inatambua kwamba mtoto ana wajibu wake kwenye familia. Mtoto anayepanda nyasi za kwao na mama yake asubuhi za likizo, amevaa viatu na anaweza kusema nimechoka akaenda kucheza, hatumikishwi. Lakini tofauti hiyo inabidi muiishi, isiwe maneno tu, na njia nzuri ninayoijua ni hii: panga kazi yote kana kwamba uko peke yako. Kama mzigo wa mita 30 unaumudu peke yako kwa asubuhi moja mpaka mchana kidogo, basi akiwepo ni furaha na kasi, akichoka saa mbili asubuhi hakuna kinachoharibika na wewe hutampandishia sauti. Ukipanga kwa kumhesabia yeye kama nusu kibarua, siku atakayochoka rundo litakuwa linachemka na wewe utakuwa mkali, na hapo jirani atakuwa amesema kweli.

Uzito ni rahisi kuupima. Kwenye mabegi ya shule wataalamu wengi wanashauri mzigo wa mtoto usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, nami nautumia hapohapo. Kijana wa kilo 28 au 30 anabeba kilo 3, na kipande cha futi moja kilicho na unyevu kina kilo 2 na kidogo. Kimoja kimoja, mikono miwili chini yake kama anabeba sinia, ili kisikatike katikati. Asibebe viwili hata akikuomba, na atakuomba, watoto wa kiume wa umri huo wanapenda kujionesha. Toroli lililojaa hapana, lile likianza kulala upande halimsikilizi hata mtu mzima. Jembe na panga mtu mmoja anashika na mwingine anakaa mbali, samadi na mbolea za dukani ni zako.

Kazi zake za kweli ziko hivi. Jioni ya kuamkia mzigo mmwagilie ardhi iwe na unyevu, sio tope. Asubuhi yeye ndo mwenye kamba: mnafunga kamba iliyonyooka ukingoni mwa baraza na mstari wa kwanza unaifuata hiyo, kwasababu ukianza kupinda hapo utapinda mpaka getini. Yeye anakuletea kipande, wewe unaweka, mstari wa pili unaanza na nusu kipande ili maungio yasikutane, kama fundi anavyopanga tofali. Vibanane bila kupandana, usivivute kujaza nafasi maana vikikauka vinarudi na kuacha ufa. Yeye anafuata nyuma na kopo la mchanga uliochanganywa na mboji anajaza kwenye maungio kwa vidole, hii kazi watoto wanaifanya vizuri kuliko sisi, wanaona vitundu ambavyo wewe umevipita. Piga magoti juu ya ubao, sio juu ya nyasi mlizoweka sasa hivi. Na mstari ukiisha, ubao unalazwa juu yake na yeye anapanda anautembea, anarukaruka kidogo, kilo zake 30 juu ya ubao ndo roli yenu, inasukuma hewa yote chini na haibonyezi kuzidi. Nyie mtacheka sana hapo. Kila mita 5 mkimaliza mwagilia hapohapo, msisubiri mpaka mwisho.

Viatu ni lazima, vya kufunika vidole, najua anazoea kutembea peku lakini mchanga wenye unyevu ndo makazi ya minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya mguu, achilia mbali misumari. Kofia, shati la mikono mirefu, maji ya kunywa kila nusu saa hata kama hasikii kiu, watoto wakinogewa hawajisimamishi. Saa 4 asubuhi kazi inaisha hata kama zimebaki vipande ishirini, hivyo utavimalizia wewe.

Kumwagilia sasa, maana ndo wiki zenu tatu zinazofuata. Mwagilieni asubuhi mapema, upepo wa kusi haujaanza kusukuma maji kwa jirani. Ule ushauri wa mchana jua kali una kaukweli kadogo: wiki ya kwanza ukiona majani yamejikunja, yamekuwa na rangi ya bluu-kijivu na ukikanyaga alama ya mguu inabaki, nyunyiza kidogo saa 10 jioni au hata mchana, kiu haisubiri kesho. Lakini kumwagilia kote kuwe kwa asubuhi, kwasababu mchana unapoteza maji mengi hewani, na kama ni ya kisima yakikauka juu ya jani yanaacha chumvi inayounguza ncha. Kipimo sio dakika za kushika mpira. Inua kona ya kipande, gusa chini yake, kidole kikizama kwenye udongo wenu na ukikitoa kina unyevu mpaka kwenye kiungo cha pili, imetosha.

Hiyo kona iwe ya kijana. Mchagulie vipande vitatu, kimoja kila upande, aviwekee kijiti, na kila asubuhi avute kona kwa upole kabla hamjamwagilia. Siku za kwanza kitanyanyuka chote kama mkeka. Baada ya wiki hivi ataona vinyuzi vyeupe vinaning'inia chini, vifupi kama kucha, hapo mwambie arudishe haraka na akikanyage. Siku moja atavuta na kitagoma, na hapo ndo mnaanza kupunguza, kutoka kila siku kwenda siku moja ndio moja hapana, alafu mara mbili kwa wiki ila kwa maji mengi yanayoshuka chini. Ukiendelea kunyunyiza kidogo kidogo kila siku baada ya kushika, mizizi inabaki juu juu na utakuwa mtumwa wa mpira miaka yote. Muda wote huo wa kusubiri hakuna kucheza mpira juu yake, kubaliana nae hilo kabla, sio baada.

Mbolea usiweke urea kwa mwezi mzima wa kwanza. Majani yatakimbia kukua wakati mizizi haipo ya kuyalisha. Zikishagoma kuvutwa na wiki moja ikapita, gramu 10 za urea kwa mita ya mraba, yaani gramu 600 kwa mita zako 60, nyunyiza jioni majani yakiwa makavu na umwagilie papo hapo. Kata mara ya kwanza zikirefuka, usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu, na anayekata kwa slasha au mashine awe mtu mzima, mtoto awe ndani, jiwe moja linalorushwa linatosha kutoboa jicho.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi. Kama mvua za mwezi huu zinatuama mbele ya nyumba zaidi ya siku moja, au ardhi inateremka kuja kwenye msingi, mwite fundi aone kwa macho kabla hujanunua kipande hata kimoja. Kama kuna mahali pananuka choo au pamebonyea karibu na chemba, usipande na usimruhusu mtoto kupita, mwite anayejua mashimo. Kama kisima chenu ni chumvi kiasi cha sabuni kukataa kutoa povu, peleka maji na udongo vikapimwe, maabara za udongo za TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro zinafanya kazi hiyo, na bwana shamba wa kata yako atakuelekeza namna ya kuchukua sampuli, uliza ofisi ya kata. Mwite huyohuyo kama baada ya wiki nne nyasi zinanyanyuka bado wakati maji umeweka, inua uangalie, ukiona mchwa au funza weupe waliojikunja chini, usinunue dawa kwa kubahatisha.

Kwa kijana, msumari au kigae kikimchoma mguu, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni na mpeleke zahanati siku hiyohiyo, wanauliza chanjo ya pepopunda, usisubiri kivimbe. Akilalamika kichwa, akatapika, akawa mkavu na wa moto au anaongea vitu visivyoeleweka, hilo ni joto, kivulini mara moja, maji ya kumpoza mwilini na safari ya hospitali haraka. Akidonolewa na nyoka usikate wala kufunga kamba, mtulize asitembee, mbebe mpaka hospitali haraka.

Ukifika mwisho wa mwezi wa sita na ndago bado inachipua kwa wingi au mgao umekuwa mbaya, ahirisha ule mzigo wa pili bila aibu. Mita 30 zilizoshika mbele ya baraza zinatosha kumwonesha kijana kwamba mlianza, na kipindi hicho cha kusubiri mpe eneo lake la mita moja kwa moja pembeni, achambue vipande viwili vya kapeti na kuchomeka vipandikizi mwenyewe, amwagilie na ndoo yake. Utajua humo kama paspalamu uliyouziwa inatambaa vizuri kwenye mchanga wenu kabla hujaagiza mita 20 za Desemba.